Ukuta Umeingia kwa Jirani, Sasa Tunafanyaje?

Wasomaji wangu, mwezi huu safu nzima ni mipaka. Sikupanga hivyo, ila nilipofungua meseji zenu nikakuta fensi, bikoni (zile alama za zege za mpaka), mwembe, masale, fensi tena, nikasema basi tuyamalize yote leo. Maswali nimeyafupisha kidogo na majina nimeyatoa.

SWALI: Dada wakili habari za kazi. Naishi Goba, Dar es Salaam, nina kiwanja chenye hati nilichonunua 2014, na 2016 nikajenga fensi ya tofali. Wakati najenga jirani wa upande wa juu alikuwepo, tukapima wote wawili kwa futi kamba kutoka bikoni yake ya mbali mpaka kwenye msingi wangu, ikasoma mita 30 kasoro kidogo sana, akasema sawa jirani endelea. Yule baba ameshafariki. Watoto wake wamekuja na mpima na lile dude la satelaiti, wanasema fensi yangu imeingia kwao mita 1 na sentimita 20, wamenipa siku 14 niivunje, nisipovunja wanaleta katapila. Mimi nasema miaka imeshapita na baba yao alikubali mwenyewe. Nani yuko sahihi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na kwanza kabisa usivunje hata tofali moja kwa sasa, na usigombane na hao vijana maana inawezekana kabisa wewe hukuiba na wao hawadanganyi.

Goba ni vilima, kila mtu anajua. Sasa vipimo vilivyoandikwa kwenye ramani ya kiwanja ni vya usawa, yaani ni kama umevuta kamba hewani bila kufuata bonde wala mlima. Nyie mlilaza futi kamba chini ikafuata mteremko, na kamba ikifuata mteremko lazima isome zaidi. Chukua mteremko wa nyuzi 15, ambao kwa Goba ni wa kawaida tu: mita 28 na sentimita 80 za usawa ukizipima kwa kulaza kamba chini zinasoma kama mita 29 na sentimita 80. Mkaona 30 kasoro kidogo, mkaridhika, mkapeana mikono, na kumbe mita nzima na zaidi imeshaliwa bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Sijaja kwako kupima mteremko wako, lakini kesi za namna hii nimeziona nyingi kwenye viwanja vya vilimani ndo maana naianzia hapa.

Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini fensi yako peke yake haiamui mpaka. Kwa kiwanja kilichopimwa mpaka uko kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani wizarani, na ardhini umewekewa alama ambazo ndo hizo bikoni. Fensi ni mali yako uliyojenga, unaweza ukawa umeijenga ndani ya mpaka, juu ya mpaka au nje ya mpaka, na hata ikae miaka mingapi haibadilishi namba zilizoko kwenye ramani.

Niwaambie kitu kilichotupata nyumbani. Bikoni yetu ya kona ya nyuma ilipotea kipindi jirani anamwaga kifusi, na tukabishana naye miezi minane, yeye anasema ipo kule, sisi tunasema ipo huku, mama yangu mpaka akawa hapiti tena ule upande. Mwisho tukachangishana tukamuita mpima mwenye leseni. Alisimamisha kifaa chake, akaangalia kioo, akasogea hatua mbili, akarudi nusu hatua, akasema chimbeni hapa. Kijana akachimba kama futi moja na nusu hivi, hamna kitu, tukaanza kuangaliana, alafu jembe likagonga zege. Akamwagia maji ya kopo akasugua kwa kidole, kile chuma cha katikati kikaonekana na namba pembeni yake, na namba ile ile ilikuwa kwenye ramani aliyoishika mpima mkononi. Jirani aliangalia akasema haya nimeona. Miezi minane imeisha kwa kopo la maji. Kwa hiyo nikisema itafuteni bikoni kabla ya kutafuta wakili sisemi kwa mazoea tu.

Wewe sasa fanya hivi, tafuteni mpima mmoja mtakayemkubali pande zote mbili, asiwe wa kwao wala wa kwako, mgawane gharama, na siku ya kupima awepo mwenyekiti wa mtaa na majirani wengine wanaopakana na nyie. Mpima aliyekuja na upande mmoja hata kama kapima sahihi lazima upande wa pili utamkataa. Na bikoni yoyote isiguswe. Kung'oa au kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, na mtu akishafanya hivyo anabeba kesi mbili kichwani.

Kuhusu miaka. Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake, na wengi wenu mmeisikia hii miaka 12 mkaigeuza kuwa ni hati. Tangu 2016 miaka 12 inatimia 2028, kwa hiyo kwa hesabu tu hujafika. Na hata ungefika kuna tatizo lingine ambalo watu hawalioni. Mtu anayetegemea miaka 12 lazima aonyeshe alikuwa anaikalia ile ardhi waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, kama ya kwake. Wewe kwenye barua hiyo hiyo unasema baba yao alikukubalia. Ukisema alikubali unajikata mguu kwenye hoja ya miaka, ukisema hukuwa na ruhusa unaikana ile hoja ya makubaliano. Chagua moja, na mimi ningechagua makubaliano. Sheria ya Ushahidi ina kanuni kwamba mtu akikufanya uamini jambo, ukatenda kwa kuamini hivyo, baadaye hawezi kukugeuka, yeye wala anayesimama kwa niaba yake. Una mashahidi wa ile siku? Fundi wako yupo? Hiyo ndo hoja yako nzuri kuliko zote, japo sikuahidi ushindi kwa sababu nao watasema wote wawili mlikosea kupima na baba yao hakuwa anajua anachokikubali.

Alafu waulize swali moja kwa upole kabisa, nani msimamizi wa mirathi? Ardhi ya marehemu haidaiwi na mtoto yeyote anayejisikia, anadai msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kama hayupo basi hawana hata mtu wa kusaini makubaliano na wewe, na usije ukampa hela mtoto mkubwa kesho akaja mdogo na barua ya usimamizi.

Katapila haliji hivi hivi. Kubomoa kwa amri ya kujipa mwenyewe hakuruhusiwi, na wakithubutu bila amri ya baraza wala mahakama ripoti polisi siku hiyo hiyo, hiyo ni habari ya uharibifu wa mali. Njia ya kawaida ni Baraza la Kata, na hapa naomba msome vizuri kwa sababu bado watu wengi wanaishi na sheria ya zamani. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha tu. Mkishindwana linatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana na hicho ndo kinawafungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita hawajasuluhisha unaruhusiwa kwenda wilayani bila hicho cheti. Ukiletewa karatasi ya Baraza la Kata ya juzijuzi inasema fulani kashinda, fulani avunje, hiyo haina nguvu.

Wilayani wanasikiliza mashauri ya ardhi ambayo thamani haizidi shilingi milioni 300, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Ukishafungua shauri unaweza kuomba zuio ili fensi ibaki kama ilivyo mpaka uamuzi. Na mnapoandika madai, ninyi au wao, ardhi ielezwe mpaka mtu asiyewahi kufika Goba aione: namba ya kiwanja, kitalu, upande gani, mita ngapi, kutoka bikoni namba ngapi mpaka namba ngapi. Nimeona watu wamehangaika na kesi miaka na miaka alafu rufaa inasema eneo linalogombaniwa halikutajwa vya kutosha, yote yanaanza upya. Inauma mno. Baraza likiamua kuja kuona eneo mnatakiwa muwepo wote na mashahidi, yanayoonekana yaandikwe, na mkirudi yasomwe mbele yenu, hii Mahakama ya Rufani ilishaisema tangu 1980 na bado kuna mahali inarukwa, kwa hiyo mkumbushe mwenyekiti kwa heshima. Usiporidhika na uamuzi una siku 45 kwenda Mahakama Kuu, zihesabu mwenyewe kwenye kalenda.

Ila kwa roho safi kabisa ningekushauri umalize kabla ya huko. Kama vipimo vya mpima wenu wa pamoja vitaonyesha kweli umeingia, kaa na msimamizi wa mirathi, muulize kama wanaweza kukuuzia kile kipande. Mkikubaliana isiishie kwenye karatasi ya mjumbe, kwa sababu mipaka ya hati zote mbili inabadilika, lazima mpima arekebishe ramani iidhinishwe na wizara, bila hivyo wajukuu zenu wataanza upya.

SWALI: Mwanangu wakili, mimi ni mjane niko Rombo. Nilienda Arusha kwa mwanangu kwa ajili ya matibabu nikakaa miezi saba. Nimerudi nakuta shemeji yangu ameng'oa masale ya mpaka aliyopanda baba mkwe na kuyapanda upya ndani ya kihamba changu (shamba la nyumbani) hatua sita. Migomba yangu na mibuni kadhaa sasa iko kwake. Wazee wa ukoo wameniambia mwanamke haongei mambo ya kihamba. Hati sina. Nifanye nini?

JIBU: Shikamoo mama. Pole kwa ugonjwa na pole kwa hili. Nimesoma barua yako mara mbili na imeniumiza, maana huko kwenu sale ndo jani ambalo mtu akikosea analibeba kwenda kuombea msamaha, na leo limetumika kukunyang'anya shamba.

Naanza na hilo la mwanamke. Sio kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, imesema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili. Wazee wa ukoo tunawaheshimu, shikamoo zao tunawapa, lakini hapo hawana mamlaka. Ukikutana nao tena mama waambie sheria hiyo, taja na mwaka.

Kutokuwa na hati nako kusikutishe. Ardhi ya kimila ina nguvu kisheria hata kama haijaandikishwa, tatizo linakuwa ni ushahidi, na ushahidi wako upo shambani ila hautakaa siku nyingi kwa hiyo leo hii muite kijana mwenye simu nzuri. Apige picha mashimo pale masale yalipong'olewa, sale halitoki lote, vipande vya mizizi na visiki vinabaki ardhini. Apige masale mapya na udongo wake uliochimbuliwa. Apige ile mibuni iliyoko upande wa pili wa mstari mpya, mbuni wa miaka thelathini haudanganyi, kila mtu atauliza huyu shemeji alipanda lini mibuni kwenye shamba la kaka yake. Usiyang'oe yale masale mapya, hata kama mkono unawasha, yaache yaonekane.

Baada ya hapo tafuta watu. Wanaopakana na wewe pande zote, waliokuja kuvuna kahawa, mzee aliyekuwepo baba mkwe anagawa. Andika majina yao na kila mmoja anakumbuka nini. Alafu peleka malalamiko Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba na watatu lazima wawe wanawake, ukifika ukakuta wanaume watupu una haki ya kuuliza wako wapi. Nalo linasuluhisha tu, likishindikana ni kata na kisha wilaya kama nilivyomwambia ndugu wa Goba hapo juu. Na lile swali la mirathi linakuhusu hata wewe: kama kihamba kilikuwa cha marehemu mume wako na hakijagawiwa rasmi, nenda Mahakama ya Mwanzo ukaombe usimamizi wa mirathi ndo usimame vizuri, hata mwanao wa Arusha anaweza kuomba.

Hela ya wakili usiwaze. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wilayani kuna wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bure, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii. Ukishamaliza yote haya kijiji kikija kupima na kutoa hatimiliki za kimila mama tafadhali usikae ndani. Wapimaji wakipita mpakani wewe uwe umesimama hapo hapo, na jina liandikwe la kwako.

SWALI: Habari dada. Niko Muheza, mwembe wa jirani umetanua matawi juu ya bati langu, majani yanaziba mfereji na maembe yakidondoka usiku ni kama mawe. Naweza kukata? Na maembe ni ya nani?

JIBU: Unaweza kukata yale yaliyovuka mpaka, mwisho pale pale mpakani, bila kuingia kwake na bila kuua mti. Hii ni kanuni ya zamani ya sheria ya Uingereza ambayo tuliirithi na bado tunaitumia. Lakini tawi ulilokata na maembe yaliyoko juu yake ni mali ya jirani, hata yaliyoanguka kwako. Mwambie kwanza, mpe wiki mbili, ikibidi kwa maandishi. Na kama tawi limeshavunja bati piga picha na tunza risiti ya bati jipya, hapo unamdai.

SWALI: Salamu wakili, mimi nawasoma nikiwa Kitengela, Kenya. Jirani amepanda ua mpya ndani ya ploti yangu, title deed ninayo, nataka nimpeleke kotini moja kwa moja. Rafiki ananiambia nitapoteza pesa. Ni kweli?

JIBU: Rafiki yako yuko sawa. Huko kwenu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema korti haitasikiliza mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka kwanza mipaka iamuliwe chini ya kifungu hicho, na anayeiamua ni Msajili wa Ardhi. Ukikimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi jirani yako anasimama anasema tu Msajili hajaona hili jambo, na kesi inaanguka. Kwa hiyo andikia ofisi ya ardhi inayosimamia eneo lako, Msajili atawaita nyote wawili na majirani wengine, atakuja na soroveya, atasikiliza na kuamua, na asiporidhika mtu ndo sasa korti.

Kitu kingine, ile ramani ya usajili inaonyesha mpaka kwa kukadiria isipokuwa kama umewekwa rasmi kuwa wa kudumu, kwa hiyo usiishike ukadai inchi tatu. Ukitaka mpaka wa uhakika kuna utaratibu wa kuomba Msajili auweke, kifungu cha 19. Na wasomaji wa Tanzania msichanganye, hii ni ya Kenya, sisi kwetu hatuanzi kwa Msajili.

SWALI: Dada wakili mimi nataka kujenga ukuta katikati yangu na jirani, Kibaha. Anasema nijenge tu atanilipa nusu. Nimwamini?

JIBU: Mwamini ila aandike. Ukishajenga ukuta wako kwa hela yako ndani ya kiwanja chako, kesho akikataa kulipa ni ngumu mno kumdai, atasema sikukutuma. Karatasi yenu iseme ukuta unakaa wapi, juu ya mstari wa mpaka au ndani kwako, maana ukikaa ndani kwako ni wako peke yako hata akilipa nusu kama hamkusema vingine. Iseme unene, urefu kwenda juu, nani anapiga plasta upande wake, ukipasuka nani anarekebisha, na akiuza kiwanja mnunuzi aambiwe. Mashahidi wawili, mmoja kila upande, na wake au waume zenu wasaini pia. Ulizia halmashauri kuhusu kibali kabla fundi hajaanza, ukuta wa tofali nao ni ujenzi. Na siku msingi unachimbwa muwepo wote wawili, mpige picha bikoni zote mbili zikiwa zimesafishwa namba zinasomeka, kamba ya fundi ikiwa imevutwa kutoka moja hadi nyingine, na kila mmoja abaki na hizo picha kwenye simu yake.